Ganesha wa Udongo Mbichi

Nilikuwa ninashona kwenye baraza ya duka la vitambaa, karibu na bandari ya Kalemie. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja na mke wake. Kila mwaka Wahindi wachache wa mji walikutana katika chumba cha nyuma kwa sikukuu ya Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Kisha wenzao wakahamia Lubumbashi. Mama mwenye duka akaja kukaa karibu na cherehani yangu, uso umemshuka.

"Mwaka huu tutakuwa wawili tu. Sikukuu ya watu wawili njo sikukuu gani?"

"Fungua mlango, Mama. Tuite majirani."

Mimi ni Mkatoliki, mwimbaji wa kwaya. Nilisema hivyo kumfariji tu. Kumbe alilichukua neno langu. Asubuhi yake akanishika mkono, twende tukatafute mfinyanzi wa kumtengeneza Ganesha.

Tulimpata mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliyezoea kufinyanga vyungu tu. Aliitazama picha kwenye simu ya Mama, akaigeuza huku na huku.

"Kichwa cha tembo, tumbo la muntu. Sawa. Nitamuchoma vizuri asivunjike."

"Usimchome," Mama akasema. "Tutamwingiza ziwani, ayeyuke."

"Nifinyange kitu kiyeyuke?"

Akanigeukia mimi, labda nitamwokoa. Nikacheka. Alimfinyanga hata hivyo, na akapendeza.

Siku ya sikukuu tulimweka mezani pale barazani, amevishwa maua shingoni. Majirani walijaa ng'ambo ya barabara, lakini hakuna aliyevuka. Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Nilimuuliza Mama kwa sauti ya chini kama ningetakiwa kupiga magoti.

"Hapana. Wewe kula, furahi. Kusali ni kazi yangu."

Mara akavuka katekista wa parokia yetu, papa mmoja, mzee asiyecheka ovyo.

"Mama, huyu anafanya nini?"

"Papa, anaondoa vizuizi njiani."

Katekista akamkagua Ganesha toka masikio mpaka miguu. "Basi aanze na mashimo ya barabara ya Nyunzu!"

Mume wa Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wakavuka wote, na maandazi madogo aliyopika Mama kwa unga wa mchele, yenye nazi na sukari ndani, yakaisha upesi. Mama akakimbilia jikoni kupika mengine, anaimba.

Alasiri tulimsindikiza Ganesha ziwani, ngoma mbele, sisi nyuma tukipiga makofi. Mume alimbeba kifuani, akaingia majini na suruali yake nzuri, akateleza, wakazama wote wawili. Aliibuka peke yake, nywele zimejaa matope, mikono juu kwa furaha. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja, amenikumbatia hata kitambaa changu cha kichwa kikaanguka.

Mfinyanzi alibaki ukingoni akitazama maji yanavyogeuka mekundu kwa udongo wake.

"Mwaka kesho," akasema, "nitamufanya mukubwa zaidi."

Na kweli alimfanya mkubwa, hata ikabidi wanaume wanne wambebe.