Tangi Juu ya Kidato cha Tatu A

Mama aliyefundisha hesabu shuleni kwetu wanafunzi walimbatiza Takriban, na jina likamkaa. Ukimuuliza saa ngapi, kwanza atakwambia, "Kadiria." Kwake, vyumba viwili alivyopanga na mdogo wake wa kike, wali ulipimwa kwa jicho, na sikuwahi kuona umepungua wala umelala. Mimi nafundisha Kiswahili. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake, na mimi na hesabu ni paka na panya. Lakini yule mama nilimpenda, na hasira niliyo nayo ni kwa ajili yake.

Imani yake ilikuwa moja: mtoto akimaliza sekondari, asahau kanuni zote akitaka, ila jibu la kipuuzi alijue akiliona. Siku moja alinisogezea daftari la kijana aliyekokotoa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hatua zimepangwa vizuri, jibu limepigiwa mstari kwa rula, na huyo mtu anaipita ndege.

"Huyu anawahi nini jamani?" nikamuuliza.

"Usicheke, shoga. Huyu ndiye atakayejenga nyumba zetu."

Mkuu wa shule hakutaka kusikia hayo. Kwake hesabu ni maswali ya mitihani iliyopita, yarudiwe mpaka mtoto ayajibu usingizini. "Hilo halitoki kwenye mtihani, mwalimu," ndio ulikuwa wimbo wake. Wazazi walimpigia makofi, maana shule ilifaulisha.

Wakati wa likizo kamati ya wazazi ikaleta tangi la maji, jeusi, la plastiki, la lita elfu kumi. Likawekwa juu ya zege la chumba cha mwisho, kile kilichojengwa kiwe stoo kisha kikageuzwa darasa la kidato cha tatu A. Maji ya bomba yalikuwa ya kudondoka, kwa hiyo tangi lilipata ya kulowesha kitako tu. Hata hivyo mlango wa darasa ukaanza kugoma kufungwa. Seremala akaupiga randa, ukagoma tena. Kila asubuhi madawati yalikuwa na unga mweupe, na wanafunzi waliufuta kwa kiwiko bila kuuliza unatoka wapi.

Takriban aliuliza. Akawatoa nje, akawaonyesha juu.

"Likijaa lina uzito gani? Msikokotoe kwanza. Kadirieni."

Mmoja akasema magunia matano, mwingine akasema pikipiki mbili. Kisha akawaruhusu wakokotoe: lita moja ya maji ni kilo moja. Wa kwanza kupata alikuwa binti wa mkuu wa shule, mtoto mpole ambaye humsikii mpaka uinamishe sikio.

"Tani kumi, mwalimu."

"Hizo ni nini? Nipe kitu ninachokijua."

Akafikiri. "Ni kama wanafunzi mia mbili wamesimama juu yetu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, niliyekuwa napita zangu na chaki mkononi, nikasimama nikatazama juu.

Takriban alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Nikamfuata, maana hao wawili hawapikiki chungu kimoja.

"Mwalimu, lile ni plastiki!" mkuu akacheka. "Vijana sita walilipandisha kwa kamba, nikiona kwa macho yangu. Sita tu!"

"Lilikuwa tupu, mkuu."

"Na maji je? Maji ni maji tu. Kafundishe kinachotoka kwenye mtihani."

Yaani mtu mzima kabisa, na akili zake! Nilitoka pale nikisaga meno.

Wiki mbili baadaye ikafika pampu ya kisima. Mkuu akaagiza tangi lijazwe asubuhi ileile. Pampu iliponguruma, kidato cha tatu A wakatoka wakasimama uwanjani, wakakataa kurudi. Takriban hakuwa amewaambia neno. Alisimama nao tu.

Mkuu akaja mbio. "Nani kawafundisha uasi?"

Ufa ulikuwa umeshuka kutoka kwenye zege mpaka kwenye bawaba ya mlango. Macho yake yakamtafuta binti yake.

"Wewe! Ingia, uwaonyeshe wenzako."

"Baba..."

"Hapa mimi si baba yako. Ingia!"

Mtoto akaingia. Akakaa kwenye dawati lake, mikono juu ya meza, machozi yakimtiririka. Takriban akaanza kumfuata, mkuu akamzuia kwa mkono. Hapo juu pakalia, ka! Unga wa chokaa ukamwagikia yule mtoto kichwani.

"Basi ingia wewe, mkuu," Takriban akamwambia. "Kakae naye."

Mimi niliikimbilia swichi ya pampu nikaizima, kazi na ipotee ikitaka. Nilipogeuka, mkuu alikuwa amefika mlangoni, amenyoosha mkono.

"Toka, mwanangu," alisema. "Toka taratibu."

Mguu wake haukuvuka kizingiti. Tulimwona wote, mimi, Takriban na darasa zima. Binti akatoka, akaupita ule mkono, akaenda kusimama na wenzake.

Kabla ya wiki kwisha, Takriban alihamishwa kwa kosa la kuchochea wanafunzi. Nilimsaidia kufungasha vitabu huku nalia waziwazi, yeye hata chozi. Alinisihi nisinyamaze. Sijanyamaza. Nimemwambia kila mkubwa ninayemjua, na kila mmoja hunijibu, "Tutafuatilia." Mwalimu mpya wa hesabu ni kijana mtiifu, na maswali ya mitihani iliyopita tunayasikia yakiimbwa mpaka ofisi ya walimu.

Ufa umezibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Siku plasta ilipokauka, mkuu alimhamishia binti yake mkondo wa B, upande wa pili wa uwanja, yeye tu kati ya wote. Kisha akaamuru pampu iwashwe. Sasa tangi limejaa mpaka mdomoni, na chini yake wanakaa watoto wa watu.