Chumba Kisicho na Ngazi

Fundi mwashi hakuchora nyumba kwenye karatasi. Alivua viatu, akapima ardhi kwa nyayo, akachomeka vijiti na kufunga kamba, huku akinong'ona hesabu kama mtu anayesali. Miaka mingi aliwapimia wengine mjini Stanleyville, Kongo. Mwaka ule wa 1956 alipima kiwanja chake, kwenye mteremko unaoshukia mtoni. Vyumba vya watoto aliviweka upande wa chini. Upande wa juu, uliolingana na barabara, alifunga kamba ya chumba kipana na kuacha nafasi ya mlango. Binti yake Colette alikuwa akimtazama.

“Papa, chumba ya huku juu iko ya nani?”

“Ya mama yako. Donc, ndiyo maana huku hakuna ngazi. Unajua miguu yake inamuuma.”

Mama huyo walikuwa wamemzika wiki tatu kabla ya siku hiyo. Fundi alibaki ameshika kijiti, midomo wazi. Kisha akaketi pale ambapo kitanda kingewekwa, akalia kwa sauti, yeye ambaye makaburini hakutoa hata chozi.

Colette hakuiruka kamba. Alizunguka, akapitia mlangoni, akaketi kando yake.