Roketi ya Vyumba Viwili

Agapiti alizaliwa Mtua, upande wa Nachingwea, na alipomwoa Beatrisi akahamia Malolo, kwa kuwa huku mwanamume ndiye huenda kujenga kwa mkewe. Nyumba yake ilisimama kwenye kiwanja cha mama mkwe, Bi Lusiana, na mikorosho aliyoipalilia ilikuwa ya Bi Lusiana. Kwa heshima hakuwahi kuketi naye jamvi moja wala kumpa mkono. Kila asubuhi, kabla ya kwenda Ruangwa kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti, alisimama kando ya ua akasema, "Shikamoo, mama," na sauti kutoka jikoni ikamjibu, "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Siku yake ilianzia hapo.

Kompyuta aliinunua kwa mwalimu aliyehamishwa. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuunda roketi na kuzirusha. Agapiti, ambaye mikono yake ilizoea chuma, aliuona kama karakana ya pili isiyo na moshi. Jioni aliunganisha matangi na injini, akarusha, zikalipuka, akacheka, akaunganisha tena. Kidogo kidogo akaelewa kwamba roketi haiendi juu tu. Huinama polepole kuelekea mashariki, ikapata kasi, mpaka inakuwa inaanguka bila kufika chini, na huko kuanguka kusikokoma ndiko kuizunguka dunia. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Siku nyingine aliinua miwani yake ya kuchomelea akaitazama mbingu ya kiangazi, nyeupe kama bati, akawaza ni vitu vingapi huanguka hivyo bila mtu kujua.

Mchezo ulimruhusu kuwapa majina wanaanga wake. Akawapa ya watu anaowaheshimu, kama mtu anavyompa mwanawe jina la mzee. Huku aliyepewa jina lako ni somo wako, na linalompata linakugusa. Kwenye chombo cha kwanza kwenda mwezini akampandisha Lusiana. Kwake ilikuwa heshima kubwa.

Lusiana alitua salama kwenye vumbi la kijivu, na mafuta yakawa yamekwisha. Agapiti alikuwa amepiga hesabu ya kwenda tu. Katika kila safari aliyoijua, kurudi kulikuwa shughuli ya mwenyeji: mwenyeji ndiye anayekufungia chakula cha njiani na kukusindikiza. Mwezini hakuna mwenyeji.

Akamsimulia Hemedy, kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya karakana, kama kichekesho. Hemedy akapata abiria wa Malolo, na kichekesho kikafika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Agapiti aliamkia, jikoni kimya. Akarudia. Akasikia mwiko ukikwaruza sufuria.

Beatrisi ndiye aliyemweleza. Mama hakudhani kwamba yuko mwezini. Ana simu, anajua mchezo ni mchezo. Lakini jina la Lusiana lilikuwa la bibi yake, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mzigo kichwani, na wenzake hawakumwacha njiani.

"Jina la watu umelitupa jangwani," Beatrisi alisema. "Lifuate."

Agapiti akasema angeweza kuufuta mchezo na kuanza upya.

"Kumfuta ndiyo kumzika," mkewe akajibu.

Basi akaanza kupanga. Kwanza alitaka kumtuma mwanaanga aitwaye Beatrisi akamchukue mama yake. Kutoka jikoni likaja jibu kwamba asipoteze watu wawili wa nyumba moja. Ikabidi aende mwenyewe. Akaandika jina lake, akaunda chombo chepesi cha viti viwili. Beatrisi akainama juu ya kioo.

"Viti vimegusana."

"Ni safari fupi."

"Agapiti. Utakaa bega kwa bega na mama yangu?"

Akakibomoa, akaunda kingine cha vyumba viwili, ukuta katikati, kila kimoja na mlango wake. Uzito ukapanda, na roketi zilizokuwa zikifika zikawa hazifiki. Hemedy alipopata habari alimshauri asisahau choo cha nje.

Baada ya kuunguza roketi nyingi akaacha kupanga kuanzia ardhini. Akaanzia mwisho: tangi la kumrudisha nyumbani kutoka mwezini, kisha la kumnyanyua kule, kisha la kumshusha huko taratibu, na mwisho kabisa yale makubwa ya kumtoa duniani. Tangi la kurudi akalipaka rangi nyekundu ili mkono usiliguse kabla ya wakati. Na kila asubuhi alisimama kando ya ua akaamkia, akaondoka bila kujibiwa.

Safari ya kwanza ya kumfuata ilimshusha upande wa pili wa mwezi, mbali mno kwa mtu wa miguu. Lakini tangi nyekundu lilikuwepo, akarudi mikono mitupu. Safari ya pili alikiona chombo cha Lusiana kikimeta kwenye kilima, akashuka karibu nacho.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Beatrisi alikuwa ameweka kigoda nje ya mlango, na Bi Lusiana ameketi akiwapa ubavu, akitazama mikorosho. Agapiti alibonyeza taratibu, mwanaanga mdogo akavuka vumbi.

"Ameingia?" Bi Lusiana alimuuliza binti yake.

"Ameingia, mama. Chumba chake peke yake."

"Na mlango?"

"Umefungwa."

Hakuuliza tena. Chombo kikapaa, kikauzunguka mwezi, kikaelekea nyumbani. Tangi nyekundu likaisha wakati dunia imeshajaa dirishani. Mwavuli ukafunguka, chombo kikashuka juu ya maji kikielea. Beatrisi akasema wamefika. Bi Lusiana akasimama, akachukua kigoda chake, akaenda zake.

Asubuhi Agapiti alisimama mahali pake kando ya ua.

"Shikamoo, mama."

Mwiko ukatulia.

"Marahaba, baba," sauti ikajibu. "Pole na safari."

"Nimeshapoa, mama," akasema, akashika njia ya Ruangwa.