Aqal Katikati ya Njia

Nilipopata kiwanja Garissa, miaka ya tisini mwanzoni, kwangu palikuwa na vichochoro vitatu vya kutokea. Kufika siku ya kuoa nilibaki na kimoja, tena chembamba.

Ukame ulimaliza mifugo, watu wakamiminika mjini. Na sisi wafugaji hatujui ukuta, tunajua ua wa miiba. Miiba ikioza unakata mipya, na mipya haikai pale pale, thubutu! Inasogea hatua moja mbele. Wa upande huu hatua moja, wa upande ule hatua moja. Nisijitoe: mimi nilisogeza mbili, maana mbuzi wa jirani walikuwa wamenichosha.

Siku ya harusi mama mkwe akafika kutoka Sangailu na bibi harusi, jamaa zao, na ngamia aliyebeba aqal, ile nyumba ya miti na mikeka ambayo mama humtengenezea bintiye. Alikwisha kuapa: isiposimama kabla ya magharibi, anarudi na binti yake.

Ngamia akaingia uchochoroni. Miti ikanasa kwenye miiba huku na huku, mnyama akalalama, akapiga magoti. Akagoma kabisa kuinuka.

"Njia iko wapi?" mama mkwe akauliza.

Kwetu mtu hasemezani na mama mkwe ana kwa ana, ni heshima. Nikajibanza nyuma ya ua wangu. Wallahi, niliona aibu! Na hofu pia, maana jua lilikuwa linashuka na yule mama hatanii.

"Basi ngamia ameshachagua kiwanja," akasema. "Jengeni!"

Wanawake wakajenga pale pale, njiani, huku wakiimba.

Maharusi hawatoki siku saba. Siku saba mtaa mzima ulipita ukijibana ubavuni mwa kitanda changu. "Salaam aleikum maharusi, tunapita tu!" Wachota maji walitua mitungi kwenye mikeka yetu, wakajadili ninavyokoroma.

Siku ya nane nikamwambia mke wangu tuihamishie nyumba ndani ya kiwanja. Akanikabidhi panga.

"Kwanza rudisha ua wako. Mama akija kuniona atapita wapi?"

Nikarudisha hatua zangu mbili, mikono ikivuja damu. Akapima kwa miguu yake mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Ongeza moja. Mama hatakuja bila ngamia."