Msimu Niliotamani Wafungwe

Ofisi yetu iko Eden Prairie, na eneo lake la kuegesha magari ni kubwa kuliko uwanja wa mpira wa shule niliyosoma Iringa. Huko ndiko nilikokula chakula cha mchana karibu msimu mzima uliopita, ndani ya gari, injini ikiunguruma ili nisigande, tableti nimeiegemeza kwenye usukani. Napasha wali wangu kwenye maikrowevu ya ofisini, natoka nao mbio ungali wa moto, nafunga mlango. Wenzangu walidhani nina ugomvi na mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia mabinti wanaogombea mpira ndani ya maji huko Italia, na mmoja wao ni wangu.

Mchezo wenyewe unaitwa polo ya majini. Kama huujui usione haya, hata mimi niliujua kwa kulazimishwa. Ni timu mbili, saba kwa saba pamoja na makipa, na hakuna anayekanyaga chini kwa sababu maji ni ya kina. Wanaelea kwa kupiga miguu muda wote, wanarusha mpira kwa mkono mmoja, na kule chini ambako refa haoni wanavutana nguo na kupigana mateke. Binti yangu aliuanza akiwa sekondari hapa Minnesota, wakati mama yake anaumwa na mimi sina nguvu za kubishana na mtu. Mama yake alifariki mwaka huohuo. Baada ya hapo nikawa nampeleka mazoezini alfajiri, barabara zimejaa theluji, nakaa kwenye benchi la wazazi na koti langu zito huku nikinusa dawa ya bwawa. Sijui kuogelea. Nimekulia milimani, na maji mengi tuliyoyafahamu kwetu yalikuwa ya mvua. Lakini benchi lile lilinifaa sana. Tulikuwa wawili, yeye majini mimi nchi kavu, na tukitoka tunapita kununua mkate na mayai, basi siku inakwenda.

Alipomaliza chuo huko California, klabu moja ya Italia ikamwita. Mji wenyewe ni mdogo, una kanisa, bwawa na kiwanda cha nyanya za kopo, kwa maelezo yake. Nikamwambia nenda, mwaka mmoja si kitu. Nililisema hilo uwanja wa ndege nimesimama wima kama mwanaume, kisha nikarudi kwenye fleti yangu Saint Louis Park, nikakuta kandambili zake mlangoni, nikakaa chini palepale na viatu vyangu miguuni.

Mwanzoni alinipigia kila siku. Baadaye ikawa siku za mechi tu. Januari akapiga siku isiyo ya mechi, nikajua kuna jambo. Klabu ilikuwa imemwahidi kwamba timu ikiingia nne bora za Ulaya, atapewa mkataba wa miaka miwili zaidi. Isipoingia, mkataba wake unakwisha, na kuna chuo cha tiba ya viungo Saint Paul ambacho kilikuwa kimemshikia nafasi.

"So ni simple, Dad," alisema. "Tukishinda nabaki. Tukilose, nakuja home."

"Na wewe mwenyewe unataka kipi?"

"Nataka kushinda. Obviously."

Nikamwambia Mungu amsaidie.

Tangu siku hiyo nikawa mshabiki wa ajabu. Sikukosa mechi hata moja. Nilijifunza sheria zote, nikamjua kila mchezaji wa timu yao kwa namba ya kofia yake, nikagombana na mtangazaji wa Kiitaliano aliyekuwa akilitafuna jina la ukoo wetu kama mfupa. Namrekebisha kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, na yeye haachi. Mtu angeniona angesema huyu baba anaipenda timu hii kufa. Kumbe moyoni nilikuwa natamani wafungwe. Walipofungwa na Wagiriki nilimpa pole ya kweli, maana sauti yake ilikuwa imekatika kwa kulia. Jioni nikapika pilau. Waliposhinda mechi iliyofuata, nilikula mkate mkavu na chai ya rangi nikalala mapema.

Jumapili, kwenye ibada yetu ya Kiswahili kule Saint Paul, hufika wakati watu wanataja mahitaji yao ya maombi. Mmoja anataja karatasi za uhamiaji, mwingine mgongo unaomsumbua. Na mimi? Ningesema nini? Ndugu zangu, mwombeeni mwanangu ashindwe? Nyumbani nilijaribu kusali sala ya kiungwana, mapenzi yako yatimizwe, huku nikimwonyesha Mungu kidole mapenzi yenyewe ninayoyataka ni yapi.

Aliyenigundua ni dada mmoja Mkenya wa idara ya huduma kwa wateja, mcheshi, ambaye huegesha gari lake karibu na langu. Yeye na mimi ndio Waswahili pekee kwenye jengo lile. Siku moja aligonga kioo.

"Mzee, kila lunch uko kwa gari. Ni nani huyo unaficha?"

"Simfichi mtu, dada yangu. Nakula."

"Wacha hizo! Mtu anakula akipiga kelele hivyo?"

Nikacheka, nikafunika tableti kwa kitambaa cha mikono. Ningeweza kumwambia, na alikuwa mtu wa kuambiwa. Lakini ningemwambia binti yangu anacheza Ulaya, angeuliza kama wanashinda, halafu angenitazama usoni. Niliona bora adhani nina mwanamke.

Robo fainali wakapangiwa Wahungaria, mechi mbili, ugenini kwanza kisha nyumbani, magoli yanajumlishwa. Ugenini wakafungwa kwa goli moja. Pilau ya siku ile nilitia hadi zabibu kavu.

Mechi ya marudiano ikaangukia katikati ya Machi, wiki ambayo Marekani imeshasogeza saa mbele na Ulaya bado. Kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka kuna mtu wa kwetu anayempigia ndugu yake wa Ulaya wakati usiofaa. Safari hii nilikuwa mimi. Nilishuka hadi kwenye gari muda uleule niliouzoea, nikafungua matangazo, nikakuta bwawa tupu. Kamera ilikuwa imeshawashwa, haina mtangazaji. Mzee mmoja alikuwa anakokota kamba pembeni mwa bwawa. Ndipo nikajua nimefika saa nzima kabla ya mechi.

Ningeweza kurudi ofisini. Nilikaa tu, naangalia maji. Baada ya muda akatoka mtu mmoja kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, akatembea hadi ukingoni, akaketi na kutumbukiza miguu. Alikuwa yeye. Msimu wote nilikuwa nimemwona katikati ya vichwa vyenye kofia, nikimtafuta kwa namba. Sasa alikuwa peke yake, nywele wazi, koti la klabu mabegani. Amekonda. Ameinamisha shingo upande, vilevile alivyokuwa akifanya mama yake akiwa amechoka na hataki kuulizwa.

Nikampigia simu. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Ikaita, ikaita, ikakatika. Picha za mtandaoni huchelewa kufika, kwa hiyo simu yangu ilikuwa imeshanyamaza nilipomwona anachukua ya kwake kutoka kwenye taulo. Akaitazama. Aliitazama muda mrefu, na kwa jinsi alivyoishika nilijua ameona jina langu. Kisha akaigeuza kifudifudi na kuifunika na taulo.

Niliumia. Najua wachezaji hawapokei simu kabla ya mechi, ninajua hilo vizuri kabisa, lakini kujua hakukunisaidia kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye baridi, maelfu ya maili, namwona mwanangu ananiona na ananiacha niite. Nikasema kwa sauti, ndani ya gari: wafungwe basi. Wafungwe leoleo, arudi nyumbani, anizimie simu nikiwa chumba cha pili.

Nikamwandikia bosi kwamba nina dharura ya kifamilia. Sikuona kama nimedanganya.

Mechi ilipoanza nilikuwa Mhungaria. Katika robo ya kwanza kati ya nne za mchezo niliwashangilia Wahungaria kimoyomoyo bila aibu, wakatangulia, nikafungua kopo langu la wali nikala kwa utulivu. Robo ya pili wakasawazishiwa. Robo ya tatu, binti yangu akiwa amekabwa mbele ya goli, beki mmoja mpana akageuka na kiwiko chake kikampata puani. Akazama. Alipoibuka maji ya mbele yake yalikuwa na rangi, na refa akasimamisha mchezo. Wakamtoa, daktari akamwinamia pale ukingoni na pamba. Niliweka kijiko chini. Kamera ikamsogelea, nikamwona anatikisa kichwa, hapana, hapana, anausukuma mkono wa daktari. Alikuwa anataka kurudi majini. Sijawahi kumwona mtu anayetaka kitu namna ile, na nilikuwa nimeishi naye nyumba moja miaka yote. Nilimwona nikaona haya, nikazima redio ambayo hata haikuwa na sauti.

Wakamrudisha majini, na timu yake ikashinda kwa goli moja. Jumla ikawa sare, wakaenda kwenye penalti, tano kwa tano. Wakapiga wa kwanza hadi wa nne wa kila upande, na kipa wa kina binti yangu akawa amepangua moja, wa kwetu hawajakosa hata moja. Mhungaria wa tano akafunga. Akabaki wa kwetu wa mwisho. Akifunga, wameingia nne bora. Akikosa, wanaanza kupigiana moja moja, na wale Wahungaria hawakuwa watu wa kukosa mara mbili.

Alikuwa yeye. Pamba bado iko puani. Akaelea kwenye mstari, mpira mkononi, mpira umetulia juu ya maji. Mtangazaji akalitaja jina letu, vibaya kama kawaida, nami sikumrekebisha. Nilikuwa na nafasi moja ya mwisho ya kutamani nilichokitamani tangu Januari. Ulikuwa wakati wa kusema kosa, kosa, urudi. Refa akapuliza filimbi, mwanangu akapanda kutoka majini hadi kifuani, na mimi nikajisikia napiga kelele: "Piga, mama! Piga!"

Mpira ukaingia juu kushoto. Kipa hakuugusa.

Sijui nilifanya nini kwa muda fulani. Wali ulikuwa umemwagika kwenye suruali, na honi ilikuwa inalia, inalia mfululizo, mpaka nikagundua kwamba ni mimi niliyeukandamiza usukani kwa mikono yote miwili. Yule dada Mkenya alikuwa anakuja mbio katikati ya magari, hajavaa hata koti.

"Mzee! Uko sawa? Nini imefanyika?"

Nikashusha kioo, baridi ikaingia. Uso wangu ulikuwa umelowa na sikuwa na pa kujificha.

"Binti yangu amefunga," nikamwambia. "Anacheza polo ya majini, Italia. Wameingia nne bora za Ulaya."

"Ai! Na hukuwahi kusema! Hongera, mzee wangu!" Akacheka, akapiga makofi, kisha akaniangalia vizuri. "Sasa mbona unalia hivyo?"

"Wangefungwa, angerudi nyumbani. Sasa anabaki huko."

Akainama kuchungulia ndani. Kwenye tableti mabinti walikuwa wanamsukuma kocha majini na nguo zake, na mwanangu alikuwa katikati yao, hata sikuweza kumtofautisha tena. Yule dada aliangalia ile picha, akaniangalia mimi.

"Hongera," akasema tena, safari hii taratibu. Akapitisha mkono dirishani, akanishika bega. "Na pole sana."

"Nimeshapoa," nikamjibu, kama tunavyojibu kwetu. Sikuwa nimepoa hata kidogo.