Jina Alilolitaka Bi Somoe

Mwanangu alifia tumboni kwa sababu mama mkwe wangu, Bi Somoe wa kisiwani Juani, alikataa nipelekwe hospitali mpaka nimtaje mwanamume niliyezini naye. Sikuzini na mtu.

Mimi ni Shufaa. Mimba ile ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Siku zilipokaribia, muuguzi wa zahanati alinipapasa akasema mtoto amekingama tumboni, hatatoka mwenyewe. Nivuke bahari niende Kilindoni nikasubiri uchungu karibu na hospitali. Alimwambia na Bi Somoe.

"Na maji yangu atateka nani?" akasema Bi Somoe. "Huyo muuguzi?"

Nikabaki nikiteka maji.

Uchungu ukanishika, ukalala nami, ukaamka nami, mtoto hatoki. Bi Somoe akaketi miguuni pangu.

"Taja, we mwana. Mtoto hapiti penye haramu."

"Mama, simjui mwingine ila mwanao."

"Ala! Kwa hiyo mwanangu ndiye anayemziba mwanawe njia?"

Wifi yangu Mwanahalima akacheka. "Kule kambini kwa wavuvi, ukienda kununua samaki, mdomo ulikuwa haufungi. Leo bubu?"

Kaka yangu Muhidini, aliyeendesha boti ya watalii wapiga mbizi ng'ambo Utende tangu hifadhi ya bahari ianzishwe, alipata habari akaja na boti yenyewe. Nikamsikia nje.

"Shikamoo, mama. Nimemfuata dada."

"Marahaba. Mke wa mtu hachukuliwi kama gunia. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe, mume wangu Hemedi, alikuwa barazani. Akasema, "Mama ameshasema."

Niliitaka ile boti. Nikataja jina lililonijia: Shaabani, mvuvi wa kambini aliyekwisha rudi kwao Kilwa.

Bi Somoe akapiga makofi. "Haya! Njia imefunguka. Hakuna safari tena, anazaa hapa hapa."

Kilichotoka ni mkono. Mkono tu, umevimba. Hapo Muhidini akaingia kwa nguvu, akanibeba.

Hospitali walinipasua. Mtoto amekwisha kufa, kizazi kimechanika, wakakitoa. Daktari akasema ningeletwa mapema, hata siku ile uchungu ulipoanza, ningerudi na mtoto. Nilirudi mikono mitupu, nikakuta talaka. Hemedi alisema hawezi kukaa na mzinzi aliyejitaja kwa kinywa chake.

Mwanahalima naye akaja kushika mimba. Yeye alipelekwa Kilindoni kabla ya uchungu, mama yake akafuatana naye kumpikia. Hakuulizwa jina la mtu. Siku hizi wauguzi wakija kufundisha wajawazito dalili za hatari, Bi Somoe huketi mbele kabisa, anaitikia kwa kichwa. Na wanawake wanaoketi nyuma yake, nikipita, huniita mke wa Shaabani.

Bi Somoe nadai kwake maneno, ayaseme mbele ya wanawake hao hao, angali hai: "Shufaa hakuzini, mtoto alikingama, nami muuguzi aliniambia." Hemedi nadai kwake safari ya Kilindoni. Mwanawe amezikwa kule, na mpaka leo baba yake hajafika kumsomea hata fatiha.