Dawa ya Vumbi

Vumbi la mtaa wetu wa Kapata lilikuwa na harufu ya funguo zilizoshikwa na mkono wenye jasho. Wakati wa kiangazi lilipenya chini ya mlango, likatua kwenye bukari, ugali wetu wa mahindi, kwenye nywele zetu, hata kwenye Biblia ya mama. Kila jioni, mama akirudi sokoni alikouza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, alinipa kidonge na kikombe cha maji, akanisimamia mpaka nimeze. Nikiuliza ni cha nini, jibu lilikuwa lile lile: "Ya vumbi. Unywe." Nilimwamini. Baba alikuwa mchimbaji na alikufa akikohoa, kwa hiyo nani angeshangaa vumbi kuwa na dawa yake? Kilichoniudhi ni kwamba watoto wa jirani walikula vumbi hilo hilo bila kupewa kitu.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja, mvua ziliwahi. Vumbi likalala, barabara ikawa tope jekundu, nami nikajiambia: vumbi limekwisha, dawa ya nini tena? Nikawa naficha kidonge shavuni, natoka nje, natema chooni. Nilijiona mjanja kupindukia. Kufika Krismasi nilikuwa nimekonda, vidonda vimejaa mdomoni, na mama hakai kitako: anainjika chungu, anakiacha, anakuja kunigusa paji la uso, anarudi na kukuta moto umezimika.

Tulikwenda zahanati. Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliangalia majibu ya damu akaniuliza kama nameza dawa. Nikajibu bila haya, "Mvua ilishaanza, vumbi haiko tena. Njo maana niliacha."

Muuguzi akamgeukia mama. "Mama, mutoto hajui?"

Mama akafungua kitenge chake, akakifunga, akakifungua tena. "Mumuambie."

"Hapana, mama. Ni wewe. Mi niko hapa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na siku ile kilikuwa kimeanza kunitafuta mimi. Mama akasema akitazama sakafu, "Haiko ya vumbi. Ni ya SIDA. Ulizaliwa nayo. Mi njo nilikupatia."

Nililia kwa hasira. Ugonjwa wenyewe, huo UKIMWI, sikuuelewa. Nilichoelewa ni kwamba mama yangu alinidanganya kila jioni, macho kwa macho. Usiku ule nilimeza kidonge mwenyewe huku nikimkazia macho, kwa kumkomoa tu.

Nilipata nafuu. Sasa nina umri aliokuwa nao mama siku ile, bado nameza, na nina nguvu zangu. Siku hizi wauguzi wanatuhimiza kuzungumza na watoto mapema, kidogo kidogo. Binti yangu ana miaka minane. Hana virusi, lakini ana macho, na kila jioni ananiuliza, "Mama, unakunywaka nini?" Miaka mingi nilimlaumu mama, nikaapa kwamba mimi sitamficha mwanangu kitu. Jumamosi nitamwambia. Nimeshasema hivyo Jumamosi tatu.